Mwendo wa Kilifi na Posa Sita



Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba uliopita, jua halijapanda juu ya mapaa ya Mji wa Kale, dada yangu mkubwa aliniita kwake Kibokoni. Nilimkuta amekwisha kufunga mahamri katika kitambaa, na mbaazi za nazi katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, na juu yake ameweka chupa ya achari ya ndimu. Nikajua kuwa ninatumwa. Kumbe mzigo wenyewe haukuwa huo.

"Nenda Kilifi ukamwone mwanao," akaniambia. "Ameviandikia vyuo sita kuomba kusoma. Sita, ndugu yangu! Na kila kimoja amekiambia kuwa hicho ndicho akitakacho. Je, huu si uongo? Mtu akipeleka posa nyumba sita kwa siku moja, watu watamwitaje?"

Binti huyo ni mpwa wangu, kitinda mimba wa dada yangu, na yuko mwaka wa nne, ndio wa mwisho, katika Chuo Kikuu cha Pwani, akisomea baiokemia, yaani kemia ya vitu vilivyo hai. Baba yake amekwisha kutangulia mbele ya haki. Ami yake yuko Maskati, na kila akipiga simu husema kuwa mambo ya masomo ya mtoto huyu amemwachia mjomba. Mjomba ndiye mimi. Basi nikalichukua kopo la mbaazi nikatoka.

Naandika habari ya safari ile kwa kuwa tangu siku hiyo nimeulizwa swali lile lile na akina mama watatu wa mtaa wetu, kila mmoja ana mtoto anayesoma sayansi na anayetaka kwenda mbele. Nikaona ni bora nilijibu mara moja, hapa, kuliko kulijibu barazani kila jioni.

Matatu yetu ilivuka daraja la Nyali, ikapita Kongowea ambako magunia ya vitunguu yalikuwa yakiteremshwa, kisha ikakwama. Barabara ya kwenda Mtwapa inapanuliwa, na mwenye kusafiri njia hiyo siku hizi na asome uradi wake wote, kwani atapata nafasi. Baada ya Mtwapa hewa hubadilika. Kikambala, kisha Vipingo na mashamba yake ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Halafu njia panda ya Takaungu, mji ambao Mazrui waliuhamia walipotolewa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837. Ukifika hapo, Kilifi iko karibu.

Kisha daraja. Vijana hulivuka bila kuinua macho kutoka kwenye simu zao, lakini sisi wa umri wangu tunakijua kile kilindi. Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo palikuwa na feri, na msafiri wa kutoka Lamu alikuwa ateremke, angoje, avuke pamoja na mbuzi na magunia ya korosho, ndipo aendelee na Mombasa.

Mwaka 1990 nilivuka hapo mimi, nina umri wa miaka kumi na tisa, nimetoka Lamu kwa walimu wangu, na kifuani chini ya kanzu nimebana bahasha. Ndani yake mlikuwa na maombi yangu ya kusoma katika chuo kimoja cha elimu ya dini katika nchi za Kiarabu. Sitakitaja. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa tayari kuniandikia barua tatu, za vyuo vitatu. Nikakataa mbili. Nilidhani kuwa kuomba mahali patatu ni upungufu wa adabu, na zaidi ya hayo ni upungufu wa kutegemea: ikiwa riziki yangu iko pale, itanijia kutoka pale. Nikaipeleka bahasha moja, nikakaa kungoja. Nilingoja miaka miwili. Jibu lilipokuja lilisema kuwa nafasi zimejaa, na kwamba ninaweza kuandika tena. Wakati huo baba yangu alikuwa amelala kitandani haamki, na madrasa ilikuwa imenipa darasa la watoto arobaini. Sikuandika tena.

Sisemi kuwa ninajuta. Watoto wale arobaini wengine sasa ni babu. Lakini nilipokuwa juu ya daraja lile asubuhi ile, na kikapu cha dada yangu mapajani, nilijua kuwa sikuwa msuluhishi asiye na upande.

Mpwa wangu alinipokea langoni. Chuo chenyewe kina historia fupi: hapo zamani ilikuwa taasisi ya kilimo, ikafanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na mwaka 2013 kikapata hati ya kujitegemea. Majengo mapya yamekaa kati ya miti na uwanda mpana, na upepo wa bahari unafika. Tuliketi kwenye kiti cha saruji chini ya mwarobaini. Alikuwa amekonda kidogo. Nikampa mahamri kwanza, kwani mama yake angeniuliza kama alikula mbele yangu, na sitaki kuulizwa nikadanganya.

"Mjomba," akaniambia alipomaliza la pili, "mama amekutuma kwa ajili ya vile vyuo."

"Amenituma mbaazi," nikasema. Akacheka, akatoa daftari.

Daftari lile ndilo lililonifundisha jambo. Lilikuwa la kawaida, la shilingi chache, na kila ukurasa ameupiga mistari kwa rula. Jina la chuo. Jina la mwalimu ambaye angependa kusoma chini yake. Siku ya mwisho ya kupokea maombi. Ada ya kuomba. Barua za walimu wa kumdhamini: ngapi zinatakiwa, ngapi zimekwenda. Na safu ya mwisho ameiita "hali". Mwanzo alikuwa na vyuo kumi na vinne. Vinane vimekatwa kwa kalamu nyekundu.

Nilimwuliza kwa nini vimekatwa. Viwili vilikuwa Ujerumani: huko shahada ya uzamivu, ile ambayo mwenyewe huitwa daktari, mara nyingi hutangazwa kama kazi yenye mkataba na mshahara, na tangazo husema wazi kuwa mwombaji awe na shahada ya uzamili kwanza. Yeye hana. "Nilikuwa nimeandika barua nzima, mjomba, kurasa mbili, ndipo nikasoma masharti." Kingine kilikatwa kwa sababu mwalimu aliyetaka kumfuata amekwisha kustaafu. Vilivyobaki vilikatwa na ada.

Hapa yafaa wazazi waelewe, kwani wengi wetu tunadhani njia ni moja. Kwetu Kenya, mwenye shahada ya kwanza hupita uzamili ndipo aingie uzamivu. Marekani sivyo: mwanafunzi wa sayansi aliye mwaka wa mwisho anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja, akasoma miaka mitano au sita, na kwa kawaida chuo humlipia karo na kumpa posho naye akisaidia kufundisha au kufanya kazi ya maabara. Uingereza miaka ni mitatu au minne, na huko pia mwenye shahada ya kwanza ya daraja la juu huweza kukubaliwa, ila ufadhili ni mgumu zaidi kwa mgeni. Maombi ya Marekani mengi hufungwa mwezi wa Disemba, kwa masomo yatakayoanza Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mwanafunzi huomba kabla hajamaliza, akiwa bado na mitihani na mradi wake wa mwisho, na asiyejua hili hupoteza mwaka mzima akingoja mahafali.

Na ada! Vyuo vingi vya Marekani hutoza dola 75 au zaidi kwa kila ombi. Hiyo ni karibu shilingi 10,000 kwa kujaza fomu tu, na hairudi ukikataliwa. Dada yangu anauza viazi karai na kaimati mlangoni kwake. Sita mara kumi elfu ni miezi mingapi ya kaimati? Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuipiga hesabu hiyo, ndiyo sababu alikuwa amekonda. Lakini alikuwa pia amejifunza kuwa vyuo vingi humsamehe ada mwombaji anayeandika mapema kueleza hali yake. Aliandika. Vitatu vilimsamehe.

Sasa nije kwenye kosa lake, kwani alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Usiku mmoja wa Oktoba, saa saba, aliandika barua pepe kwa mwalimu mmoja wa huko ng'ambo kumwomba amchukue kuwa mwanafunzi wake, na juu ya barua akaacha jina la mwalimu mwingine, wa chuo kingine. Alikuwa amechukua barua ya kwanza akabadilisha mistari ya kati, akasahau salamu. Aligundua asubuhi. "Nililia mpaka nikakosa kipindi," akasema. Kisha akaandika barua ya pili, ya mistari mitatu, akaomba radhi bila kisingizio. Mwalimu yule alijibu kwa upole kuwa ameisamehe, na kuwa nafasi kwake hazipo mwaka huu.

Niliposikia hayo nikaona kuwa dada yangu alikuwa amegusa mahali pa kweli, ijapokuwa hakuwa amepagusa sawasawa. Kuomba mahali sita hakukuwa na aibu yoyote, lakini barua moja kupelekwa nyumba sita, imebadilishwa jina tu, ndiyo iliyomwaibisha mtoto wetu.

Adhuhuri tulisali katika msikiti wa mjini, kisha akanipeleka kuonana na mhadhiri wake, mwanamke wa bara, mpole, ambaye ofisi yake ina vitabu mpaka sakafuni. Nilimwuliza kwa adabu kama maombi mengi ni jambo la kawaida. Akasema ni kawaida, na ni busara: nafasi moja yaweza kuombwa na watu mamia, na mwanafunzi bora hukataliwa kwa sababu zisizomhusu, fedha za mradi kuisha, mwalimu kuhama. Lakini yeye huweka mpaka. "Barua ya kumdhamini naiandika moja moja, Sheikh. Nikimwandikia mahali ishirini, zitakuwa maneno matupu. Nimemwambia sita au saba, basi." Nikamwombea dua.

Tukatoka, tukapita njia ya hospitali ya kaunti. Pembeni mwake ndipo ilipo taasisi ya utafiti ambayo KEMRI imeianzisha pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza, tangu mwaka 1989. Wakazi wa Kilifi wamezoea kuiona, kama sisi tulivyozoea Ngome ya Yesu. Walakini kazi iliyopita humo imefika mbali. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa watoto wa Afrika walioshiriki katika majaribio ya chanjo za malaria, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na ya pili iliyopendekezwa Oktoba 2023. Kenya ilianza kuitoa ile ya kwanza kwa watoto wa kaunti za magharibi mwaka 2019. Na ndani ya taasisi ile wamo vijana wetu walioingia na shahada ya kwanza kwa mafunzo, wakaendelea hadi uzamivu wakiwa hapa hapa, wamesajiliwa na vyuo vya ng'ambo.

"Hapa nimepaandikia," mpwa wangu akasema, akaelekeza kwa kidevu. "Ni nafasi ya mafunzo. Si uzamivu, lakini ni mlango."

Nikamwuliza kwa nini malaria, katika elimu zote. Alinyamaza mpaka tukafika penye kivuli.

"Kwa ajili ya kaka yangu nisiyemjua."

Dada yangu alimzika mtoto wake wa kwanza mwaka 1994, mvulana wa miaka miwili na miezi, homa ya siku nne. Ni mimi niliyemshusha kaburini. Haongei habari zake, na sikujua kuwa binti huyu aliyezaliwa miaka mingi baadaye alikuwa akizijua. Alikuwa ameliandika jambo hilo katika barua ya maombi, kisha akalifuta, akaona ni kama kuomba huruma. Mhadhiri wake akamwambia alirudishe, sentensi moja, bila kupamba. Akaniuliza mimi: je, inafaa kumtaja maiti katika kutafuta nafasi ya kusoma?

Nilifikiri kabla ya kujibu. Nikamwambia kuwa likiwa ni kweli, na likiwa ndilo linalokuamsha usiku kwenda maabara, basi kulitaja ni ushahidi. Ukilinyoosha likawa hadithi ya kuwaliza watu, hapo umemuuza. Sentensi moja. Na mama yako aisome kabla haijaenda.

Alasiri tulivuka daraja kwa miguu mpaka Mnarani. Nilitaka tukae mahali pasipo na watu, na mimi napenda kuketi penye magofu. Mji ule uliachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Umebaki msikiti mkubwa usio na paa, mawe ya matumbawe yaliyochongwa herufi za Kiarabu, kaburi la mnara, na mibuyu. Chini yake kilindi, maji yakigeuka rangi kila wingu lipitapo. Tulitandika khanga juu ya jiwe, tukafungua mbaazi.

Hapo ndipo nilipolijibu swali la dada yangu, nikimwambia binti yake. Alikuwa ametumia mfano wa posa, nami nikaona ni mfano mzuri, tuushike mpaka mwisho wake.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye. Lakini wanavyuoni wameeleza kuwa katazo hilo ni pale mwanamke na walii wake wamekwisha kuridhia. Kabla ya kuridhia, mlango uko wazi. Na dalili yao ni kisa cha Fatima binti Qays, alichokipokea Imamu Muslim. Bibi huyu aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, wote wawili kwa wakati mmoja, akaenda kwa Mtume kushauriana. Mtume hakumlaumu kwa kuwa na posa mbili. Alimweleza hali ya kila mmoja kwa uwazi, kisha akamshauri mtu wa tatu, Usama bin Zayd. Naye hapo mwanzo hakumpenda huyo Usama, kisha Mungu akamtilia kheri nyingi.

"Basi mimi ni Fatima?" akauliza.

"Sasa hivi wewe ndiye mwenye kuposa," nikamwambia. "Utakuwa Fatima watakapokujibu."

Mwenye kuposa ana wajibu wake. Asigonge mlango ambao hana nia ya kuingia. Nikamwambia afungue daftari, na kwa kila jina ajiulize: kikinijibu hiki peke yake, na vingine vyote vikinyamaza, nitakwenda? Alianza kwa haraka. Cha kwanza, ndiyo. Cha pili, ndiyo. Cha tatu kilikuwa kile chuo cha sayansi cha Mfalme Abdullah, kule Thuwal kwenye ufuo wa Bahari ya Shamu, kaskazini ya Jidda, kilichofunguliwa mwaka 2009, ambacho mwanafunzi aliyekubaliwa husomeshwa bila karo. Hicho ndicho mama yake alichokikubali bila hoja. "Huko ataweza kufanya umra kila mwezi," alikuwa ameniambia, kana kwamba maabara haina kazi. Mpwa wangu akasema ndiyo, na si kwa ajili ya umra tu: kuna watu wa huko wanaochunguza vimelea vya malaria kwa kusoma chembe za urithi wake.

Cha nne akasita. Ni chuo cha Marekani ambacho jina lake hata mwuza samaki wa Kongowea amelisikia. Nikangoja. Upepo ulikuwa ukipeperusha kurasa.

"Huyu mwalimu hafanyi malaria," akasema hatimaye. "Anafanya jambo jingine. Nilikiweka kwa sababu ya jina."

"Na wakikuchukua?"

"Ningekwenda, mjomba. Halafu ningesoma miaka sita jambo nisilolipenda, ili watu waseme."

Hakunisubiri. Alikichukua kile kikalamu chekundu. Zikabaki posa tano.

Kisha nikamweleza wajibu wa pili, ule wa mwenye kuposwa, nao ndio mzito. Akiridhia mmoja, neno limefungwa. Hawezi kumwambia chuo kimoja naam leo, na kesho kingine kizuri zaidi kikaja akageuka. Mungu ametuamrisha kutimiza ahadi, na kutia sahihi ni ahadi hata ikiwa kwa kidole juu ya kioo cha simu. Mpwa wangu alijua hata tarehe: vyuo vingi vya Marekani vimeafikiana kumpa mwanafunzi aliyepewa ufadhili muda mpaka tarehe 15 Aprili aamue bila kushurutishwa. Nikaona hilo ni jambo la insafu, ni kama eda ya kufikiri. Nikamwambia: tumia muda huo kushauriana na kusali istikhara. Wengi huisali mapema, hata barua hawajaipata, wakichagua kati ya vitu visivyokuwapo mkononi. Ngoja barua zije. Na siku utakayoridhia kimoja, siku hiyo hiyo, si wiki ijayo, viandikie vingine kujiondoa, kwa sababu mahali fulani kuna kijana ambaye jina lake liko chini ya lako kwenye orodha, na mama yake anamwuliza kila jioni.

Aliliandika hilo nyuma ya daftari. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mama je? Si idadi inayomsumbua."

Hakika si idadi. Nililijua tangu Kibokoni, nilipomwona jinsi alivyokuwa akikaza kifuniko cha kopo. Ana watoto wanne hai. Mmoja Maskati kwa ami yake, mmoja Nairobi, mmoja ameolewa Malindi, na huyu ndiye aliyebaki wa kumpikia. Angeniambia nimzuie mtoto asiende, ningekuwa na la kumjibu. Hakuweza kusema hivyo, akasema ni uongo kuandika vyuo sita. Na suala la binti kusafiri bila mahramu wanavyuoni wametofautiana, kuna wenye kukaza na wenye kuruhusu panapokuwa na amani na wenziwe waaminifu; lina mlango wake mrefu nami sitaupita leo, ila nimewaandikia ami yake na nduguze kwamba atakakokwenda, mmoja wetu ampeleke na amwone amekaa na nani.

Nilirudi Mombasa baada ya magharibi. Dada yangu alikuwa barazani akiningojea, ameweka tasbihi na kikapu cha pili, kana kwamba nitageuza niende tena. Nikamwambia: si uongo, dada. Nikampa kisa cha Fatima binti Qays kama nilivyowapeni ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Muawiya alikataliwa kwa sababu gani?"

"Wakati ule hakuwa na mali."

"Na hawa wa Marekani wanatoa posho kiasi gani?"

Nikamwambia amwulize mwanawe. Kisha nikampa karatasi iliyokunjwa mara mbili, ambayo mpwa wangu alinitia mkononi kituoni. Ilikuwa barua ya maombi, ameifasiri kwa Kiswahili kwa mkono wake, kwa ajili ya mama yake peke yake. Dada yangu alivaa miwani akaisogeza karibu na taa. Alipofika mahali fulani akasimama, kidole chake kikakaa juu ya mstari. Nilitazama barabarani. Paka wawili walikuwa wakigombania kichwa cha samaki.

"Amesema miaka miwili," akanena. "Ilikuwa miwili na miezi minne. Mwambie asahihishe."

Maombi ya mwisho yalikwenda tarehe 14 Disemba, saa nne usiku, katika jiko la Kibokoni kwa kuwa hapo ndipo intaneti inapokamata vizuri. Vyuo viwili vimekwisha kujibu kuwa havina nafasi. Kimoja kimemwita kwa mahojiano ya video mwezi ujao. Viwili vimenyamaza. Na juzi nilipopita kwa dada yangu baada ya ishai nilimkuta na jirani yake, bakuli la kaimati kati yao, akimweleza kwa mkono ulioinuliwa kuwa Wamarekani wana desturi yao, hawamharakishi mtoto wa watu, wanampa mpaka tarehe 15 Aprili.